Ufito Hauegemezwi

Karibu, Muthengi. Vua viatu, lakini huo
usiuegemeze hapo.
Najua kona iko wazi, nyuma ya mlango,
kati ya fagio na mtungi wa gesi.
Fagio na liegemee, halina pa kwenda.
Ufito hauegemezwi.

Lete nione. Umetoka nao Masinga
umelowa, ndani ya mfuko, siku mbili
kwenye buti la gari lililoanikwa juani.
Mkate usingeuweka hivyo.
Mfuko huu niliushona kwa pazia
lililobaki tulipohama Jericho,
na kitambaa kina pumzi: kiloweshe, kifunge,
kesho kinaota ukungu na hakikwambii.

Shika hapa. Vipande huvutwa wima,
usisokote kama unayekamua blanketi.
Vikikataa usigombane navyo:
pitisha nyuma ya magoti, shika pande mbili,
tanua magoti polepole, vitaachana vyenyewe.
Usicheke. Baba alifanya hivyo barazani
mbele ya wapangaji wote, kofia kichwani.
Kisha mshumaa, kile kisiki
cha siku stima ilipopotea:
kisugue kidogo penye kiungo.

Maji leo ni ya mkokoteni.
Mfereji wa Umoja hutoa Jumanne na Ijumaa,
Mungu akipenda, na leo Jumatatu.
Basi vikombe viwili, vuguvugu,
sabuni ya mche kwenye mpini wa kizibo,
mswaki mzee kwenye gurudumu la mshipi.
Legeza breki yake. Kisicholegezwa usiku
asubuhi hakikumbuki kazi.

Sasa pete. Pitisha pamba ndani ya kila moja
toka ile pana ya chini hadi ya nchani
isiyopitisha punje ya mtama.
Pamba ikinasa, hata unyuzi mmoja,
pana ufa. Jicho lako halijauona.
Mshipi utauona, siku ya samaki mkubwa.

Mwenye nyumba hataki misumari ukutani.
Nilimweleza, akacheka: Mama Khavere,
utavua nini ghorofa ya nne?
Ndiyo maana ya hizi soksi mbili
zinazoning'inia kwenye bomba la pazia.
Humo ndimo ufito hulala,
mbali na kioo, mbali na jiko.

Huo mwingine usiuguse.

Ni wa Baba. Usiku ule wa kulazwa
niliuegemeza pale pale ulipotaka wewe,
dakika tano tu, teksi ilikuwa inapiga honi.
Miezi saba. Mbagathi, Kenyatta, Mbagathi tena.
Nilipokuja kuutazama
ulikuwa umejifunza ukuta.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Kuhusu ufito hawakusema neno:
kwamba hukunjika ukiwa mkavu,
na mkunjaji hayupo chumbani.

Nimeutundika na kopo la mchanga chini yake.
Nimeulaza ubavu huu, nikaugeuza ule.
Kila Jumapili naupima kwa uzi:
vidole viwili. Mwaka jana, vidole viwili.
Fundi wa Ngara alisema utafaa
kupandishia maharagwe. Sijarudi kwake.

Wiki ya mwisho Baba aliuliza, umekauka?
Nikasema, umekauka.
Hilo lilikuwa kweli.

Haya, kunywa chai. Acha wako uanikwe kivulini
nusu saa, ndipo uingie mfukoni,
na kamba usiikaze.

Unasema unakwenda tena mwezi ujao?
Wako uache hapa, pete ya tatu imenasa pamba,
niliiona, nilikuwa nangoja uione.
Chukua huu.
Hutupa kushoto kidogo, vidole viwili.
Wewe lenga kulia ya unapotaka,
halafu nisikuone mlangoni kwangu
nao ukiwa umelowa.